Rejeta ya Shaba na Mizani ya Vyuma Chakavu

Kama kuna gari la michezo lililojijengea heshima ya kweli katika barabara za Afrika Mashariki, basi ni Datsun 240Z. Mwaka 1971 lilichukua nafasi ya kwanza na ya pili katika mashindano ya East African Safari: la kwanza likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann, la pili mikononi mwa Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe kwa gari la aina hiyohiyo, tena baada ya kulingana alama na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun nyingine. Watu hukumbuka boneti lake refu, mlio wa silinda 6 na matope yaliyoganda hadi kwenye paa. Wachache hukumbuka kwamba injini ile ya lita 2.4 isingevuka hata wilaya mbili bila kipande kisicho na sifa kilichosimama nyuma ya grili, yaani rejeta ya shaba. Magari hayo sasa yamepita nusu karne, na kila mwenye nalo hufika siku ya kuamua. Rejeta imeanza kuvuja, wota pampu inalia, mfuniko haushiki tena presha. Je, avitengeneze vipande vilevile vya chuma vilivyotoka kiwandani, au avitupe na kufunga rejeta mpya ya aluminiamu inayouzwa tayari? Nasema avitengeneze. Na sababu kubwa ya kusema hivyo haitokani na mapenzi ya vitu vya kale. Inatokana na jinsi vipande hivyo vilivyoundwa, na ukweli kwamba mikono inayojua kuvifungua bado ipo katika mitaa kama Rahaleo, Mtwara mjini.

Rejeta ya zama hizo ni kitu cha kuungwa. Juu kuna tangi na chini kuna tangi, yote mawili ya shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Katikati imesimama mirija bapa, na mirija hiyo imepenya kwenye vibati vyembamba vya shaba nyekundu vinavyolichukua joto na kulikabidhi kwa upepo. Hakuna plastiki wala gundi. Vyote vimeshikana kwa lehemu, mchanganyiko wa risasi na bati ambao huweza kuanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, wakati shaba nyekundu haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,000. Aliyechagua lehemu alijua anachokifanya: kiungo kinachoachia mapema kuliko chuma kinachokiunga ni kiungo kinachokubali kufunguliwa bila kujeruhi chochote. Ndiyo maana kazi ya fundi rejeta hufanana popote uendapo. Anapitisha moto kwenye ukingo wa tangi la juu mpaka lehemu ing'ae na kutiririka, analinyanyua tangi kwa koleo, kisha anainama kutazama ndani. Hapo gari halifichi kitu. Midomo ya mirija imezibwa na chokaa nyeupe iliyoletwa na maji ya kisima, au na tope jekundu la kutu kutoka kwenye bloku ya injini. Anachukua utepe mwembamba wa chuma, anausukuma na kuuvuta, mrija baada ya mrija, mpaka mwanga utokee upande wa pili. Anasugua ukingo, anapaka tindikali aliyokwisha kuituliza kwa kuizamishia vipande vya zinki, anarudisha tangi na kumwaga lehemu upya. Mwisho anaziba matundu yote, anaizamisha rejeta kwenye pipa la maji na kuipiga upepo wa kompresa. Povu likitoka, anaweka alama na kurudi kwenye moto. Mrija ulioliwa kabisa huzibwa midomo yote miwili, na rejeta yenye mirija mingi huendelea na kazi bila huo mmoja.

Nimekaa kidogo kwenye maelezo haya kwa sababu ndimo ushahidi wangu ulimo. Kifaa kinachofunguka hivi kilitengenezwa kwa imani kwamba kuna siku kitafunguliwa. Mhandisi aliyekichora alimwachia nafasi mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, aje amalizie kazi yake. Kukitupa kwa sababu kinavuja ni kukipa hukumu ambayo hata aliyekiunda hakuikusudia.

Pwani hii, lakini, haina huruma na metali. Injini ya 240Z ina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Rejeta ni ya shaba. Viungo ni vya risasi na bati. Zote zinaoga maji yaleyale, na metali za namna mbalimbali zikikutana ndani ya maji yenye chumvi hupitishiana umeme mdogo, ikawa aliye mnyonge analiwa. Mnyonge hapa ni aluminiamu. Kulanti ina dawa ya kuzuia ugomvi huo, lakini kwa kuwa wengi wameaminishwa kwamba kulanti ni ya nchi za baridi, na bonde la Ruvuma halijui barafu, gari hujazwa maji ya bomba au ya kisima na safari inaendelea. Shaba nayo hainusuriki. Ile ya manjano ikikaa muda mrefu kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki yake polepole, ikabaki na rangi ya waridi na vitundu visivyoonekana, hadi siku fundi anapoibonyeza kwa ncha ya bisibisi na bisibisi ikazama. Nje, upepo wa bahari unavivisha vibati kutu ya kijani. Kwa hiyo asije mtu akadhani naitetea shaba kwa madai kwamba haifi. Inakufa, lakini kwa sehemu, na sehemu iliyokufa inaweza kutengwa na iliyo hai.

Mpinzani wa kwanza ni mtu wa vitendo, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema rejeta ya aluminiamu inapoza vizuri zaidi, ni nyepesi, na bei yake mara nyingi haizidi gharama ya kuisuka upya ile ya zamani. Kuhusu uzito hana mpinzani: shaba ni nzito mara 3 na zaidi ya aluminiamu ya ujazo uleule. Kuhusu kupoza, mambo si mepesi hivyo. Shaba nyekundu hupitisha joto kwa takribani mara 1.7 ya aluminiamu. Aluminiamu hushinda kwa umbo, maana mirija yake huweza kuwa mipana na kugusana na vibati bila tabaka la lehemu katikati. Ni ushindi halali. Ila unajibu swali ambalo gari hili halikuuliza. Datsun ile ilikimbia maelfu ya kilomita za vumbi, tope na milima kwa rejeta ya shaba, na ikafika wa kwanza. Gari lililofaulu mtihani huo mwaka 1971 likichemsha leo kwenye barabara ya lami kati ya Mtwara na Lindi, kosa si la shaba kuwa shaba. Kuna kitu kimeziba, kimelegea au kimeondolewa.

Na mara nyingi kilichoondolewa ni themostati. Hii ni desturi iliyoenea katika gereji zetu: gari likichemsha, fundi anaing'oa themostati, anaitupa, na kumwambia mwenye gari kwamba nchi ya joto haihitaji kitu kile. Kumbe kifaa hicho, ambacho kwa kawaida hufunguka kwenye nyuzi kama 82, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi upesi na kuishikilia hapo. Injini isiyofika kwenye joto hilo hunywa mafuta zaidi na kulika haraka, iwe Mtwara au Moscow. Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa hivyohivyo. Maji yakiwa chini ya presha huchelewa kuchemka; mfuniko unaoshikilia takribani 0.9 ya baa huyasogeza maji ya usawa wa bahari kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hapo mfuniko uliochoka ni nusu ya ajali. Anayefunga rejeta kubwa ya aluminiamu juu ya makosa haya ameyafunika tu. Anayetengeneza vipande vya asili analazimika kuupitia mfumo mzima, kwa sababu mirija iliyoziba humpeleka kwenye kutu ya bloku, kutu humpeleka kwenye maji, na maji humrudisha kwenye mfuniko na wota pampu. Ukarabati wa kweli ni uchunguzi wa ugonjwa, na hiyo ndiyo faida yake ya vitendo, kama vitendo ndivyo vinavyotafutwa.

Swali la pili ni gumu zaidi, na wapenzi wa magari ya kale hulikwepa. Rejeta iliyosukwa mirija mipya, ikabaki na matangi yake tu, ina uasili gani? Pwani hii tayari ina jibu, nalo liko kwenye mawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyahifadhi. Yeyote anayefuatilia kazi za aina hiyo anajua kwamba adui mmoja wa ukuta wa matumbawe ni saruji. Saruji ni ngumu kupita jiwe lenyewe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Chokaa ni laini, inapumua, na ikichakaa inakwanguliwa na kupakwa nyingine. Ukuta uliopakwa chokaa mara 20 bado ni ukuta uleule, kwa sababu umeendelea kutunzwa kwa namna uliyojengwa kutunzwa. Kwa kipimo hicho, rejeta iliyobadilishwa mirija kwa lehemu imebaki kuwa ya asili kuliko ile iliyoachwa na mirija yake ya zamani huku imepakwa gundi ya viwandani, ambayo fundi atakayefuata hataweza kuitoa bila kuharibu shaba.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linaliita gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho linanisumbua. Naelewa lilikotoka, gari likibeba watu na mizigo kila asubuhi litabadilishwa kila kitu. Lakini tazama linachokiacha nje. Katika nchi zilizoandika sharti hilo, rejeta za shaba zilitoka kwenye magari ya kawaida zamani, na mafundi wake wamekuwa wataalamu wachache wanaohudumia wenye fedha. Huku kwetu Land Rover kuukuu, malori ya kubeba korosho kutoka Newala na Tandahimba, matrekta na majenereta ndivyo vilivyomlisha fundi rejeta miaka yote hii. Kazi ya kila siku, ambayo FIVA inaiona kuwa tishio kwa historia, hapa ndiyo iliyoihifadhi. Mwenye 240Z akitaka tangi lake lifunguliwe bila kupindishwa, anamhitaji mtu aliyefungua mengine mia ya lori wiki zilizopita, na mtu huyo haishi kwenye jumba la makumbusho.

Tena urithi wenyewe si wa kuazima. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 mfululizo, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Alitumia Peugeot 404, gari la familia ambalo feni yake ilishikwa na kuachiwa kwa sumaku ya umeme kadiri injini ilivyopata joto, ili isile nguvu bure. Ni ufundi wa ajabu kwa gari la miaka ya 1960, na ni kipande ambacho huku wengi walikifunga moja kwa moja kilipoanza kusumbua, kikazunguka muda wote. Nani leo, kati ya wanaosimulia ushindi wa Shankland, anaweza kuonyesha feni moja ya 404 inayofanya kazi kama ilivyotoka kiwandani Sochaux?

Feni hizo, na rejeta za shaba pamoja nazo, zimekwenda wapi? Nyingi zimekwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu. Shaba hununuliwa kwa kilo, na kwa bei ambayo chuma cha kawaida hakiigusi. Rejeta nzito ya zamani ikifika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hakuna anayeuliza ilitoka kwenye gari gani. Kwake matangi na mirija vyote ni uzito. Simlaumu anayeuza, kwa sababu kilo zile ni chakula cha siku. Lakini Mtwara ina sababu yake ya kuiangalia mizani kwa jicho la pili. Mradi wa karanga wa Waingereza uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 uliuachia mkoa huu bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindwa, bandari ikabaki, na reli ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Hesabu za siku zile zilionyesha hasara, na hesabu zilikuwa sahihi. Leo serikali inazungumzia kujenga reli nyingine kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Hata lugha ya kodi yetu inaona upande mmoja tu wa umri: gari lililozidi miaka 8 likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, na Kenya hukataa kabisa magari ya kawaida yaliyozidi miaka hiyo. Kuna sababu nzuri za kuzuia nchi isigeuzwe jalala. Hata hivyo, sheria isiyo na neno jingine kwa kitu cha zamani isipokuwa uchakavu inamfundisha raia kufikiri hivyohivyo.

Kuna watakaosema haya yote ni anasa; mkoa una shida za maji na zahanati, halafu mtu anaandika kuhusu rejeta ya gari la tajiri. Pingamizi hili lingekuwa zito kama ufundi ninaoutetea ungekuwa wa matajiri. Lakini lehemu ileile, pipa lilelile na utepe uleule ndivyo vinavyoifufua jenereta ya mashine ya kukoboa na lori la mkulima. Gari la kifahari linachoongeza ni malipo bora na nidhamu: mwenye nalo anataka tangi lisipinde, alama ya kiwanda isisuguliwe, mshono wa lehemu ufanane na wa kwanza. Fundi anayelazimika kufikia kiwango hicho mara moja hawezi kukisahau anaporudi kwenye Fuso.

Pingamizi ninalolikubali bila ubishi ni la risasi. Ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Vumbi la kusugua mishono ya zamani na moshi wa kuchoma tangi lililojaa uchafu havina nafasi kwenye kibaraza ambako mama anakaanga mihogo na watoto wanacheza. Lehemu isiyo na risasi ipo, ingawa ni ghali na inahitaji moto mkali zaidi. Anayesifia ufundi huu bila kudai kibanda chenye hewa, barakoa, maji ya kunawa na mahali pa kutupia mabaki anamsifia fundi huku akimzika. Wala sidai kila kipande cha asili kirudishwe. Hosi paipu ni mpira, na mpira una umri wake. Zibadilishwe bila huruma. Feni ya chuma yenye ufa kwenye shina la pangaboi isichomelewe hata kama ina namba za kiwandani, kwa maana ikikatika kwa mizunguko 5,000 kwa dakika inapasua boneti, na aliyesimama karibu nayo hana la kufanya. Iwekwe kabatini kama kumbukumbu, ifungwe nyingine. Wota pampu ni kinyume chake: bodi lake likiwa zima, beringi na sili mpya huirudisha kazini, na kuitupa nzima ni uvivu tu.

Basi, msomaji wa Rahaleo, wa Mikindani au wa kokote, kama kuna rejeta ya shaba imeegemea ukuta wa stoo yako, usiipeleke kwenye mizani kabla fundi hajaizamisha kwenye pipa na kukuambia inavuja wapi. Na wenzetu wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara, mtafuteni fundi rejeta mmoja mwenye mvi, mumlipe kama mwalimu, mumpe vijana na chumba chenye madirisha makubwa, kabla hajafunga kibanda chake.